Jinsi ya Kula Gyudon Japani Bila Kukwama: Mwongozo Kamili

Wanafunzi wapya, washiriki wa mafunzo ya JICA (shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa) na wafanyabiashara wa magari yaliyotumika wanaofika Japani huuliza mambo yaleyale. Mashine ya mlangoni imekataa noti yangu. Nimekaa kitini muda mrefu na hakuna aliyekuja kunihudumia. Niliagiza nyama ya ng'ombe ikaja ya nguruwe. Yai limeletwa bichi, nifanyeje? Wengi huishia kununua mkate dukani na kulala na njaa, wakati bakuli la moto la wali na nyama lilikuwa hatua chache tu kutoka kituo cha treni.

Bakuli hilo linaitwa gyudon: wali uliofunikwa vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe vilivyochemshwa na vitunguu katika mchuzi wa soya wenye utamu. Migahawa inayoongoza ni Yoshinoya, Sukiya na Matsuya. Bakuli la ukubwa wa kawaida huuzwa kati ya yeni 400 na 500, na huletwa ndani ya dakika mbili au tatu. Kupata mlo kamili wa moto kwa bei hiyo kwingineko Tokyo ni jambo gumu.

Chakula chenyewe hakina ugumu. Watu hukwama kwenye utaratibu, kwa sababu kila mtu pale ndani anaujua tangu utotoni na hakuna anayefikiria kumweleza mgeni. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Noti mbili au tatu za yeni 1,000 na sarafu kidogo. Mashine nyingi za tiketi hazipokei noti za yeni 5,000 wala 10,000. Pia Japani ilitoa noti mpya Julai 2024, na baadhi ya mashine za zamani bado huzikataa. Ukiwa na noti moja ya zamani na moja mpya, uko salama zaidi.
- Kadi ya treni yenye salio, kama Suica, PASMO au ICOCA. Migahawa hii mingi huipokea. Ukiwa na noti kubwa tu, nenda kwenye mashine ya kituoni, jaza kadi, na chenji utarudishiwa kwa noti ndogo.
- Simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera, na lugha ya Kijapani iwe imeshapakuliwa. Usitegemee intaneti ya mgahawani.
- Tishu za mfukoni. Utaletewa au utakuta vitambaa vidogo vya kufutia mikono, lakini havitoshi kwa mtu anayejifunza vijiti.
- Picha ya alama hizi kwenye simu, kwa sababu zitakuokoa hata skrini ikigoma kubadilika lugha:

牛 – ng'ombe
豚 – nguruwe
鶏 – kuku
鮭 – samaki aina ya samoni
並 – ukubwa wa kawaida
大盛 – bakuli kubwa
店内 – kula hapahapa
持ち帰り – kuondoka na chakula
売切 – kimeisha

Mbili za kwanza zikariri. Ya ng'ombe ina mistari minne tu: wima mmoja unaopita katikati ya milalo miwili, na kamstari kafupi kushoto juu. Ya nguruwe imesongamana, ina mistari kumi na moja. Ukiona alama nyepesi ni ng'ombe, ukiona iliyojaa ni nguruwe.

## Kabla ya hatua ya kwanza: fahamu kilichomo bakulini

Sehemu hii isome hata kama una haraka. Ndiyo inayoumiza wasomaji wengi, na miongozo mingi ya wasafiri huipita juu juu.

Kwa Muislamu, gyudon ya migahawa hii ya kawaida si halali. Nyama haitokani na uchinjaji wa Kiislamu. Na hata ukiiweka nyama pembeni, mchuzi wenyewe una tatizo: michuzi ya aina hii kwa kawaida hutiwa sake, yaani pombe ya mchele, au mirin, ambayo ni kileo kitamu cha kupikia, na ule wa Yoshinoya hutiwa divai nyeupe. Usidanganywe na picha ya ng'ombe ukutani wala na mtu anayekwambia "si nguruwe, kula tu."

Nguruwe naye hujificha kwenye vitu ambavyo mgeni hawezi kumtambua kwa jina. Butadon (豚丼) ni bakuli linalofanana sana na gyudon kwenye picha, na hapo ndipo wengi huteleza. Tonjiru (豚汁) ni supu ya miso (rojo la soya iliyochachushwa) yenye nyama ya nguruwe, na kwenye mashine hukaa jirani na supu ya miso ya kawaida. Hambaga ya sahani, ile isiyo na mkate, mara nyingi huchanganywa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Karii yenye rangi ya kahawia huweza kuwa na mafuta ya wanyama hata kama huoni kipande cha nyama.

Kwa hiyo una njia mbili.

Ya kwanza ni kwenda mahali penye halali ya uhakika. Tokyo, nenda Shin-Okubo, kwenye kichochoro ambacho wenyeji hukiita Isuramu Yokocho, penye maduka na vyakula vya halali. Msikiti mkubwa wa Tokyo Camii, karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara, una duka la vyakula vya halali na watu wa kukuelekeza. Kobe, anza kwenye eneo la msikiti wa jiji hilo, uliofunguliwa 1935; maduka ya halali yako jirani.

Ya pili ni kuingia mgahawa huu huu asubuhi na kuagiza samaki wa kuchoma kwa wali mweupe. Nimeliweka jambo hilo sehemu yake huko chini. Hapo pia bado kuna swali la miso na sosi ya soya, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huweka alkoholi kidogo ili visiharibike. Kila mtu afuate msimamo wa sheikh anayemwamini.

Sentensi ya kuuliza: "Buta niku haitte imasu ka?", yaani mna nyama ya nguruwe humu? Kwa kileo sema "Arukooru haitte imasu ka?" Zisome jinsi unavyosoma Kiswahili, irabu zote zitoke wazi, na utaeleweka.

Mkristo au mwingine asiye na mwiko huo, ruka moja kwa moja hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Chagua saa ya kwenda

Mara ya kwanza usiende saa sita hadi saa saba mchana. Huo ndio muda wa wafanyakazi wa ofisini, foleni inafika mlangoni, na mtu wa nyuma yako ana dakika chache tu za kula. Kusimama mbele ya mashine ngeni huku watu wakisubiri mgongoni ndiko kunakosababisha makosa mengi.

Nenda saa tisa alasiri hivi. Mgahawa unakuwa mtulivu, wahudumu wana nafasi ya kukusaidia, na unaweza kuijaribu mashine bila haraka.

Matawi mengi hufanya kazi saa 24, jambo zuri kwa anayetua usiku. Kumbuka tu kwamba tangu Aprili 2025 matawi mengi ya Sukiya hufungwa saa tisa hadi saa kumi usiku kwa ajili ya usafi.

## Hatua ya 2: Jua unalipa wapi kabla hujakaa

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mtu anaingia, anakaa, anasubiri, na hakuna anayemjali, kwa sababu wahudumu wanadhani ameshanunua tiketi. Simama hatua moja ndani ya mlango na utazame.

Kuna mashine kubwa yenye skrini karibu na mlango? Unalipa kwanza. Huu ndio mtindo wa Matsuya, na wa migahawa mingi midogo isiyo na jina kubwa.

Hakuna mashine, na kila kiti kina tableti mbele yake? Unakaa, unaagiza, unakula, unalipa wakati wa kutoka. Sukiya kwa kawaida ndivyo ilivyo.

Hakuna mashine wala tableti, kuna kaunta tu na menyu? Unaagiza kwa mdomo na kulipa mwisho. Yoshinoya nyingi za zamani ziko hivi, ingawa tableti zimeingia huko pia.

Kuna watu wamepanga mstari mbele ya keshia na trei mkononi? Agiza na ulipe hapo, kisha subiri namba yako. Matawi ya ndani ya maduka makubwa hufanya hivi mara nyingi, hata ya kampuni ambazo kwingine hulipisha mwisho. Ndiyo maana nasema tazama tawi lenyewe, usitegemee jina la ubaoni.

Utasikia "Irasshaimase!" kwa sauti kubwa. Ni karibu yao, huhitaji kuijibu. Kutikisa kichwa kidogo kunatosha. Mhudumu akikuuliza jambo huku anakutazama, huenda anataka kujua mko wangapi. Onyesha kwa vidole.

## Hatua ya 3: Nunua tiketi kwenye mashine

Kama tawi lako halina mashine, nenda hatua ya 4.

Mashine za skrini hufuata mpangilio huu:

1. Badilisha lugha. Kitufe kipo pembeni ya skrini, juu au chini. Matsuya ina Kiingereza, Kichina na Kikorea. Kiswahili hakipo, kwa hiyo chagua unayoimudu.
2. Chagua kula hapa au kuondoka nacho. Swali hili halikwepeki, kwa sababu tangu Oktoba 2019 kodi ya chakula cha kulia ndani ni asilimia 10 na cha kuondoka nacho asilimia 8. Ukibonyeza vibaya, chakula chako kitakuja kimefungwa kwenye mfuko.
3. Chagua aina ya chakula, kisha ukubwa. Matsuya huiita gyudon yake gyumeshi. Ni chakula kilekile.
4. Kataa nyongeza usizozitaka. Skrini itakupendekezea saladi, yai, na mengineyo. Tafuta kitufe cha kuendelea bila kuongeza.
5. Kagua orodha ya mwisho. Hakikisha ni bakuli moja na si mawili, na alama ya ng'ombe iko pale.
6. Lipa. Ingiza noti ikiwa imenyooka, au gusisha kadi ya treni.
7. Chukua tiketi na chenji. Wengi huchukua tiketi na kusahau sarafu kwenye kikombe cha chini.

Mashine za zamani zenye vitufe vya plastiki huenda kinyume: pesa kwanza, kisha vitufe unavyoweza kumudu huwaka taa, ndipo unabonyeza. Chenji haitoki yenyewe kwenye baadhi ya hizo. Kuna kishikio au kitufe kilichoandikwa お釣り. Kisukume, sarafu zitashuka.

Onyo moja kwa Matsuya: ukila ndani, gyumeshi huja na supu ya miso bila malipo. Watu wasiojua hununua supu nyingine kwa mashine na kuletewa mabakuli mawili.

Ukiwa na kipande cha karatasi chenye namba mkononi, na chenji iko mfukoni, umemaliza sehemu ngumu kuliko zote.

## Hatua ya 4: Agiza kwa tableti au kwa mdomo

Tableti inafanana na mashine, ila hakuna pesa. Tofauti ni kwamba kuna kikapu: unachagua vyakula, kisha lazima ubonyeze kitufe cha kutuma oda. Kuna wanaochagua, wanaweka tableti chini na kungoja bure. Skrini ikionyesha kwamba oda imepokelewa, hapo tulia.

Kwa mdomo, sema hivi: "Sumimasen" ili mhudumu akutazame, kisha "Gyudon nami, hitotsu, onegai shimasu." Maana yake ni gyudon moja ya kawaida, tafadhali. Ukiona ulimi unagoma, onyesha picha kwenye menyu na kidole kimoja. Hakuna atakayekushangaa.

Mhudumu atarudia oda yako. Sikiliza neno "buta", yaani nguruwe. Ukilisikia na hukuliagiza, mkatize hapohapo.

## Hatua ya 5: Chagua ukubwa na mchuzi kwa akili

Nami (並) humtosha mtu mzima mwenye njaa ya kawaida. Omori (大盛) ni kwa aliyefanya kazi ya nguvu. Tokumori (特盛) ina nyama nyingi sana, na bei hupanda. Anza na nami. Japani si vizuri kuacha wali bakulini, na wenyeji humaliza hadi punje ya mwisho.

Sasa siri inayowafaa watu wetu, ambao wengi huona wali ni mwingi kuliko nyama. Yoshinoya kuna saizi iitwayo atama no omori: wali wa bakuli la kawaida, nyama ya bakuli kubwa. Sukiya kuna chumori (中盛), yenye nyama zaidi na wali usioongezwa. Kwa fedha kidogo tu ya ziada unapata uwiano mzuri kuliko kununua bakuli kubwa.

Kuhusu mchuzi, kuna neno moja lenye thamani: tsuyudaku, mchuzi mwingi. Aliyezoea wali wenye mchuzi wa kutosha atalipenda. Kinyume chake ni tsuyunuki, bila mchuzi, kwa asiyependa utamu. Nasisitiza utamu kwa sababu huwashtua wengi: nyama hii ina sukari, na haina ladha kali ya kitunguu saumu wala bizari kama tulivyozoea. Ukila ukitarajia pilau utasikitika. Ipokee kama ilivyo, kisha tumia viungo vya mezani kuirekebisha, jambo tunaloliona sasa hivi.

## Hatua ya 6: Kaa, na fahamu vilivyo mezani

Ukiwa peke yako kaa kwenye kaunta. Meza za familia waachie walio wengi. Begi liweke chini ya kiti, kwenye kikapu, au kwenye ndoano iliyo chini ya kaunta. Usiliweke kwenye kiti cha jirani.

Maji au chai hutolewa bure. Tawi lingine huletewa, lingine unajimiminia kutoka kwenye jagi lililopo mezani au kwenye mashine ukutani. Kama una tiketi, itazame: kwingine namba huitwa na kuonekana kwenye skrini, nawe unakwenda kuchukua trei mwenyewe. Kwingine mhudumu huichukua tiketi na kukuletea chakula. Weka tiketi juu ya kaunta mbele yako, ionekane.

Mezani utakuta:

- Beni shoga, achari nyekundu ya tangawizi, kwenye kisanduku chenye koleo dogo. Ni bure. Tumia koleo lake, usichomeke vijiti vyako ulivyolia. Ukali wake ndio unaokata mafuta na utamu wa nyama, kwa hiyo usiione kama pambo.
- Shichimi, pilipili ya unga iliyochanganywa na viungo vingine. Si kali sana. Nyunyiza ya kutosha.
- Sosi ya soya. Hii ni ya yai na ya saladi. Usiimimine juu ya nyama; mchuzi tayari una chumvi yake.

## Hatua ya 7: Shughulikia yai

Ukiagiza yai bila kutazama, huenda likaja bichi, zima na ganda lake, pamoja na kibakuli kidogo kitupu. Huo si uzembe wa jikoni. Mayai ya Japani husafishwa na kuwekewa tarehe kwa kuzingatia kwamba yataliwa mabichi, na Wajapani hula hivyo kila siku.

Namna yake: gonga yai taratibu juu ya kaunta iliyo bapa, lipasulie kwenye kile kibakuli, tia matone ya sosi ya soya, koroga kwa vijiti. Fungua shimo dogo katikati ya nyama, mimina yai humo. Nyama inalainika, utamu unapungua ukali.

Usilipasulie moja kwa moja juu ya bakuli mara ya kwanza. Ganda likianguka ndani ya mchuzi ni kazi kulitafuta.

Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee dhaifu au mtu yeyote mwenye kinga ndogo, yai bichi aliache kabisa. Usitegemee hata lile lililoiva nusu, liitwalo hanjuku tamago au onsen tamago. Kwa mtu mzima mwenye afya anayeogopa ubichi tu, hilo ndilo chaguo zuri.

## Hatua ya 8: Kula

Nyanyua bakuli kwa mkono wa kushoto, ulishike chini na kwenye ukingo, ulisogeze karibu na kifua. Vijiti mkono wa kulia. Sisi tumelelewa kwamba chombo kinakaa chini na mkono wa kushoto haushiriki. Hapa mkono huo umebeba chombo tu, haugusi chakula. Kuinamisha kichwa hadi kwenye bakuli lililo mezani ndiko kunakoonekana vibaya.

Wali wao unashikana, punje hazitawanyiki kama za mchele wa Kyela, kwa hiyo vijiti hubeba bonge zima. Anza upande mmoja: chota nyama na wali wa chini yake pamoja, songa mbele. Ukichanganya bakuli zima, wali unaloa wote na mwisho unakula uji wa chumvi.

Vijiti vikishindikana, omba kijiko: "Supuun onegai shimasu." Hakuna aibu yoyote, na ni bora kuliko kupambana hadi chakula kipoe.

Mambo mawili ya vijiti yaheshimu sana. Usivisimamishe wima ndani ya wali, kwa sababu ndivyo wali wa marehemu unavyowekwa. Wala usipokezane chakula na mwenzako kijiti kwa kijiti, kwa sababu ndivyo ndugu wanavyopokezana mifupa baada ya maiti kuchomwa. Kwa mwenyeji aliyefiwa karibuni, kuona hivyo mezani kunaumiza.

Supu ya miso haina kijiko. Ikoroge kidogo kwa vijiti, kwani miso hutuama chini, kisha inywe kwenye ukingo wa bakuli.

## Hatua ya 9: Ondoka

Ukimaliza, usikae kuperuzi simu. Bei hii inawezekana kwa sababu viti vinazunguka haraka, na mtu aliyesimama mlangoni anasubiri nafasi yako.

Kama kuna dirisha lenye maandishi 返却口, rudisha trei hapo. Kama halipo na mhudumu alikuletea, acha vyombo mahali pake. Tazama jirani anafanyaje.

Kama hukulipa mwanzoni, nenda kwa keshia na karatasi ya hesabu kama uliwekewa mezani. Pesa weka kwenye sahani ndogo iliyopo, usimkabidhi mkononi, au ingiza kwenye mashine ya malipo. Bakshishi haitolewi. Ukiacha sarafu mezani utampa mhudumu kazi ya kukutafuta ili akurudishie.

Ukivuka mlango sema "Gochisosama deshita." Ni shukrani ya aliyekula. Waliokupikia watakuitikia kwa furaha.

## Mambo yakienda kombo

Mashine imetema noti. Inyooshe, igeuze, jaribu tena. Ikikataa jaribu noti nyingine, kisha kadi ya treni. Ikishindikana mwonyeshe mhudumu noti na useme "Sumimasen"; kwa kawaida atakubadilishia.

Umebonyeza kitu kibaya na tiketi imetoka. Usikae nayo. Nenda mara moja na useme "Sumimasen, machigaemashita," yaani nimekosea. Kabla jiko halijaanza ni rahisi kurekebisha. Matsuya oda hufika jikoni papo hapo, kwa hiyo kimbia.

Chakula kilicholetwa si chako. Usikionje. Onyesha tiketi au picha. Ukishaanza kula ni vigumu kukibadilisha.

Unachokitaka kina alama 売切. Kimeisha. Chagua kingine.

## Asubuhi ni chakula kingine

Kabla ya saa tano asubuhi (saa 11:00 kwa saa ya ukutani) menyu huwa na mlo wa asubuhi. Hapo utapata samoni wa kuchoma, wali mweupe, supu ya miso, na pengine karatasi za mwani au natto, ambayo ni soya iliyochachushwa yenye utando na harufu kali. Natto huhitaji kuzoea. Samoni hahitaji mazoezi yoyote.

Kwa maoni yangu, kwa mtu wa pwani mlo huu ndio mlango mzuri wa kuingilia Japani. Samaki, wali, mchuzi mwepesi: tumbo halishangai. Tafuta alama 鮭. Angalia tu picha isiwe na kibakuli cha pembeni chenye nyama, kwa sababu baadhi ya seti huongeza gyudon ndogo.

## Ukiondoka na chakula

Sema "Mochikaeri de" au bonyeza 持ち帰り. Omba vijiti kama hujawekewa. Achari na pilipili huja kwenye vipakiti vidogo.

Usile ukitembea, wala kwenye treni za mjini. Harufu ya mchuzi hujaa behewa zima. Peleka chumbani. Nyama ina mafuta yanayoganda ikipoa, kwa hiyo ipashe moto: hoteli nyingi za wasafiri wa kazi zina maikrowevu karibu na mashine za vinywaji. Toa kwanza vipakiti, legeza kifuniko, pasha dakika moja, kagua katikati, ongeza kama bado ni baridi. Achari tia mwisho.